Kumtafuta babu aliyekwenda Keya asirudi

Nyumbani kwetu Seme kuna kaburi lisilo na mtu. Wazee walizika yago humo, lile tunda refu la mwegea, kwa sababu babu aliingia Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya pili vya dunia, na mwili wake haukuletwa. Nyanya alituambia miaka yote kwamba mumewe alifia Burma. Neno hilo ndilo lililonipoteza miezi minne.

Kwa hiyo ukianza kumtafuta wako, weka simu kando kwanza. Kaa na wazee. Usiwaulize alifia wapi, maana hapo kila mtu ana hadithi yake. Uliza alikuwa mwana wa nani, wa kijiji gani, na jeshini alifanya kazi gani. Shangazi mmoja alikumbuka kitu kimoja tu: "Alikuwa wa mizinga." Nilikidharau. Baadaye ndicho kilichofungua mlango.

Sasa ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC). Kutafuta ni bure. Makarani wa jeshi waliandika walivyosikia, kwa hiyo Odhiambo jaribu pia Odiambo, Ochieng' jaribu Ochien na Ocheng. Ukikwama, tafuta kwa jina la baba yake. Na kwa upande wa nyumbani usiandike Siaya wala Vihiga: enzi zile Siaya ilikuwa ndani ya Central Kavirondo, na Vihiga ndani ya North Kavirondo.

Ukimpata, usikimbilie kupiga kelele kwenye kikundi cha familia kama nilivyofanya mimi, nikamtangaza Onyango wa watu wengine. Linganisha jina la baba, kikosi na tarehe. Ukiona East African Artillery (kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki) na tarehe 12 Februari 1944, umefika pale nilipofika mimi. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu, na watu takriban 1,300 wakafa, wakiwemo wanajeshi wetu wa mizinga. Burma babu hakuiona.

Nilimweleza nyanya. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga, kisha akauliza kama maji yalikuwa baridi.

Wanajeshi wetu wa mizinga wa meli ile wasio na kaburi wanakumbukwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Andika namba ya safu kabla hujasafiri, la sivyo utasoma majina mpaka macho yaume.

Kama babu yako alikuwa mbeba mizigo wa jeshi katika vita vya kwanza vya dunia, jiandae: wengi wao hawakuandikwa majina popote. Tume yenyewe ilikiri kosa hilo mwaka 2021. Hapo utategemea wazee tu.

Kumbukumbu tuliifanya Februari, watu wakiwa bado hawajaanza kupanda. Mjomba alitaka tufukue kaburi tuzike upya, wazee wakakataa katakata: yago likishazikwa ni mtu. Tukaongeza bamba la saruji tu. Jina tuliliandika mara mbili, alivyoliandika karani, na chini yake alivyoitwa na mama yake.