Kufuatilia ukoo kwenye kijiji cha Uingereza: shika parokia, fuata hela

Wengi wakianza kutafuta ukoo wa Kiingereza wanakimbilia kuandika jina kwenye saiti ya kulipia, wanaletewa akina John Smith lukuki, wanachagua mmoja anayeelekea elekea, na kuanzia hapo wanajenga ukoo wa watu wasio wao. Acha hiyo. Iwe unatafuta upande wa mumeo, unawatafutia wanao mababu wa huko, ama umehamia tu kijiji fulani cha Norfolk au Dorset na unataka kujua nyumba unayopanga alikaa nani, anza na mahali, majina yatafuata. Na mahali maana yake parokia. Parokia ya Anglikana zamani haikuwa kanisa la Jumapili tu, ndo ilikuwa serikali ya kijiji, ilibatiza, ikaozesha, ikazika, ikakusanya kodi ya maskini, ikasimamia barabara, na karibu kila ilichofanya kikaandikwa. Kwa hiyo kabla ya yote tafuta ramani ya mipaka ya zamani, afu andika pembeni na parokia zote za jirani, maana vijana walikuwa wanaoa kijiji cha pili huko wanakofika kwa miguu.

Wazee kama bado wapo ongea nao mapema. Ukimuuliza bibi wa Kiingereza moja kwa moja akupe historia ya ukoo atakwambia hakuna cha maana, ila weka picha ya zamani mezani na chai, utashangaa anavyofunguka. Geuza picha uangalie nyuma, fungua kurasa za mwanzo za Biblia ya familia, uliza kuhusu medali.

Ukishapata jina na mwaka wa kuanzia rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, usiruke. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Orodha ya GRO, hiyo ofisi ya usajili ya serikali, unaitafuta bure mtandaoni ukishafungua akaunti, na kwa vizazi inakuonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, hicho ndo kitu kinachotenganisha John Smith mmoja na mwenzake. FreeBMD, saiti ya orodha hizo hizo, nayo ni bure. Usishtuke ukikuta mtoto wa kijijini kaandikwa chini ya jina la mji wa jirani, hiyo ni wilaya ya usajili, na orodha zimepangwa kwa robo za mwaka, robo hiyo ni ya kusajiliwa sio ya kuzaliwa. Kama hela ni ya mawazo nunua cheti cha ndoa kwanza, kina majina ya baba wa pande zote mbili na kazi zao, cheti kimoja kinakupandisha kizazi kwa pande mbili.

Sensa sasa. Zipo kila miaka kumi tangu 1801 ila za majina anza na 1841, na hiyo 1841 ina mtego: watu wa zaidi ya miaka 15 umri wao kwa kawaida ulishushwa hadi kwenye tano ya karibu, kwa hiyo "35" anaweza kuwa na 39. Kuanzia 1851 wanakuonyesha uhusiano na mkuu wa kaya pamoja na parokia aliyozaliwa mtu, hapo ndo raha inapoanza. Ya mwisho iliyofunguliwa ni ya 1921. Ya 1931 iliungua kwenye moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika sababu ya vita, ila kuna rejista ya tarehe 29 Septemba 1939 inayoziba pengo na ina hadi tarehe za kuzaliwa. Ushauri wangu, usisome kaya yako tu ukafunga, soma kijiji chote. Utaona mhunzi nani, mwezeka mapaa nani, wanawake wa Bedfordshire wanaosuka majani ya ngano ya kutengenezea kofia, na "Ag Lab" kwa wingi hadi unachoka, hao ni vibarua wa mashamba. Na yule mpangaji wa nyumba ya pili mara nyingi utakuja kugundua ni shemeji.

Kabla ya 1837 unaingia kwenye madaftari ya parokia yenyewe. Amri ya kuyaandika aliitoa Thomas Cromwell mwaka 1538 enzi za Henry VIII, ingawa madaftari mengi ya mwanzo yamepotea. Mwaka 1598 ikaamriwa yanakiliwe kwenye ngozi na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu, ndo maana daftari likiwa limeliwa na panya au ukurasa umeloa unaomba nakala za askofu. Miaka ya 1640 hadi 1660 tegemea mapengo, nchi ilikuwa vitani afu kanisa likavurugwa. Kuanzia 1754 ndoa zina sahihi au alama ya X, na kuanzia 1813 ubatizo una fomu ya kuchapwa yenye makazi na kazi ya baba. Halafu kuna hili la kalenda linalochanganya watu sana, kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 kwenye daftari inakuja BAADA ya Desemba 1720, na wewe iandike 1720/21, la sivyo utajikuta na mtoto aliyezikwa kabla hajazaliwa. Saiti za FamilySearch na FreeREG zina orodha za madaftari haya bure, lakini orodha ni macho ya mtu mwingine aliyesoma mwandiko mbaya, picha ya ukurasa ikiwepo iangalie mwenyewe. Na familia ikitoweka ghafla kanisani usiwazike haraka, huenda walihamia kwa Wamethodisti, Wabaptisti au Wakweka.

Tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na watu wengi hawafiki: karatasi za maskini. Sheria ya 1601 ilimtupia kila parokia mzigo wa maskini wake, kodi ikakusanywa kwa wenye uwezo, na palipo na hela za watu pana hesabu. Humo utakuta viatu alivyonunuliwa mjane, kuni, jeneza, majina kabisa. Sheria ya 1662 ikaongeza kwamba mgeni anayeonekana atakuja kuomba msaada anaweza kurudishwa parokia yake halali, basi akipelekwa mbele ya mahakimu anahojiwa: umezaliwa wapi, umefanya kazi kwa nani mwaka mzima, umewahi kupanga mahali pa £10 kwa mwaka? Majibu yanaandikwa. Yaani kibarua asiyejua kusoma anakuachia wasifu wake wote, wakati jirani yake aliyejitosheleza hana hata mstari. Na pale ukoo mwingi unapokatika, kwa mtoto aliyebatizwa bila jina la baba, tafuta hati za mtoto wa nje, parokia ilimsaka baba ili alipe yeye badala ya walipa kodi, na jina lake wakaliandika. Baada ya 1834 mambo yakahamia kwenye miungano ya parokia na nyumba zao za kazi, walikowekwa maskini wafanye kazi, kwa hiyo hapo unatafuta jina la muungano, sio la kijiji.

Kama unafuata nyumba au shamba, silaha yako ni ramani za zaka, zilizotokana na sheria ya 1836 iliyobadilisha zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha. Kila kipande kina namba, na kitabu chake kinakupa mwenye mali, anayekitumia, jina la shamba, kinalimwa nini, ukubwa. Kisha nenda saiti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ndiyo, Scotland, wana ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali, za England pia, bure, na unaweza kuziweka juu ya picha ya setilaiti ya leo ukaona uchochoro ule ule upo. Kuna pia tathmini ya ardhi iliyotokana na sheria ya fedha ya 1910, vitabu vyake vipo Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, vinaeleza nyumba moja moja.

Wosia: kabla ya 12 Januari 1858 ni mahakama za kanisa, kuanzia hapo ni rejista ya serikali. Makaburini piga picha jua likiwa pembeni, herufi zinajitokeza, ila usisugue jiwe kwa brashi ya waya hata kidogo. Askari wa vita ya kwanza usiwadai sana karatasi, nyingi ziliungua kwa mabomu Septemba 1940, anza na jina kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita wa kijiji na saiti ya tume ya makaburi ya vita.

Kwa yale ambayo hayako mtandaoni, na karatasi za maskini nyingi hazipo, itabidi uende ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Tafuta kwenye katalogi yao nyumbani, nakili namba ya kila faili, agiza mapema, uliza utaratibu wa kupiga picha kwa simu maana kuna wanaotoza. Beba kitambulisho na penseli, kalamu ya wino inabaki kwenye begi nje ya chumba.