Kutoa mafuta yanayozunguka aota ya panya mnene bila kuyachanganya

Juzi hapa Tanga nilikuwa namwelekeza mdogo wangu mmoja ana mradi wa panya walionenepeshwa, nikaona bora niandike kabisa maana wengi mnakwama palepale.

Hatua ya 1: Barafu. Mi nachukua kwa wauza samaki Deep Sea najaza deli zima, joto la huku mafuta yanalainika upesi.

Hatua ya 2: Panya ameshauawa kwa utaratibu ulioidhinishwa, mfungue, toa utumbo na mapafu, aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) hiyo imelala kwenye uti wa mgongo.

Hatua ya 3: Hapa ndo utulie. Mafuta ya kifuani na ya tumboni sio kitu kimoja! Kwa panya ya kifuani ni ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa, kila seli ina vitone vingi vidogo. Ya tumboni ni meupe, seli moja tone moja kubwa, kiini kimesukumwa pembeni. Sasa panya akinenepa ya kifuani nayo yanapauka, vitone vinaungana, kwa hiyo ukienda kwa rangi tu umekwisha. Mi niliwahi kutia yote chupa moja, panya wembamba wakaonekana kama wamebadilika, siku mbili nahangaika kumbe naangalia mafuta ya tumbo, na wale panya ndo hawarudi tena. Mpaka wako uwe kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo: kata aota hapo, ya juu chupa yake, ya chini chupa yake, na lebo uandike KABLA kwa penseli, wino unafutika na alkoholi. Usivute mafuta kwa koleo, unachubua mshipa. Toa aota na mafuta yake pamoja ukachambulie kwenye kisahani chenye Krebs (maji ya chumvi ya maabara) ya baridi, kwa mkasi mdogo wa macho, wembe mi siutaki kabisa. Ukikuta kishanga kigumu hicho ni tezi la limfu, kiondoe, la sivyo utahesabu seli zake za kinga useme ni uvimbe ulioletwa na unene.

Hatua ya 4, kama unaenda kuangalia kwa darubini: Fomalini 10%, masaa 24 mpaka 48.

Hatua ya 5, kama unapima mshipa unavyokaza; hapa tumia aota mbichi, isiyopita fomalini. Mafuta haya watu walikuwa wanayakwangua wanatupa, mpaka 1991 watafiti Soltis na Cassis wakaonyesha pete ya aota ya panya (kipande kifupi cha mshipa) ikiachiwa mafuta yake haikazi sana kama isiyo na mafuta, ukiitia noradrenalini, kemikali inayokaza mishipa. Kwa panya mnene uwezo huo wa mafuta kupunguza mkazo unashuka, adiponektini (homoni ya mafuta) inapungua, makrofaji (seli za kinga) zinajaa. Kwa hiyo kata pete mbili, moja na mafuta moja bila, panya yuleyule, sehemu zilizopakana.