Likizo Zanzibar: angalia mwezi kwanza, hoteli baadaye

Watu wengi wakipanga kwenda Zanzibar wanaanza na hoteli, wanaona picha ya minazi na maji ya bluu yanagusa ngazi kabisa, wanalipia, alafu wanafika Paje au Jambiani wanaamka asubuhi wanafungua pazia wanakuta bahari haipo. Imeondoka. Umebaki mchanga na vidimbwi, na kina mama wa mwani wanatembea huko mbali wanakagua kamba zao. Ile picha ilipigwa maji yamejaa, hakuna aliyekudanganya, ni vile tu hukuuliza ilipigwa saa ngapi.

Kwa hiyo kabla hujashika simu kuulizia chumba, shika kalenda. Na sio ya serikali tu, tafuta yenye tarehe za kiislamu, maana ile inafuata mwezi na maji yanafuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yani kama tarehe 29 mpaka 2 hivi na 14 mpaka 17, hapo ndo kuna bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 7, 8 na 22, 23, ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, tofauti haifiki hata nusu ya ile.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye faida yenyewe. Pande zetu siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo baada ya wiki mambo yanageuka, siku za maji mafu yanajaa saa nne asubuhi na yanakupwa saa kumi jioni. Ukishajua hilo tu unaweza kupanga siku yako ukiwa Morogoro au Nakuru hata kabla hujanunua tiketi. Ukienda mwezi mpevu upande wa mashariki, kuogelea ni kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama, asubuhi fanya mengine. Ukienda mwezi nusu, oga asubuhi, mchana lala. Saa kamili utaziona kwenye programu za maji za simu zipo nyingi za bure, au muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuangalia chochote.

Ufukwe nao sio mmoja. Mashariki kote, Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, Bwejuu, Paje, Jambiani, kuna mwamba unazuia mawimbi huko nje na ndani yake ni kina kifupi, ndo maana maji yakitoka yanatoka kweli. Nungwi na Kendwa huko kaskazini ufukwe unashuka haraka kidogo kwa hiyo unaogelea karibu saa yoyote, na ndo maana pamejaa watu na bei zimechangamka. Mimi nikiulizwa na mtu mwenye watoto wadogo wanaotaka maji tu kutwa nzima namwambia Kendwa, asijisumbue. Mtu anayetaka utulivu, kutembea, kula pweza na kuangalia watu wanavyoishi namwambia Jambiani, na hapo kupwa kwa maji sio hasara hata kidogo, unatembea na mwenyeji mpaka kwenye mwamba unaona viumbe ambao wengine wanalipia boti kuwaona. Vaa viatu vya raba tu, kuna vile vidude vyeusi vyenye miiba mirefu, ukikanyaga kimoja likizo imebadilika.

Alafu kuna upepo. Kaskazi ni kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, joto kali, bahari ya bluu, ndo msimu ambao picha nyingi zinapigwa. Kusi inashika kasi baada ya masika, Juni mpaka Septemba, hali ya hewa nzuri sana haina joto la kuchosha ila upande wa mashariki kunapuliza, wale wa kuteleza na miamvuli baharini Paje wanafurahia, wewe wa kulala kwenye mkeka utakula mchanga. Wakati wa kusi kimbilia kaskazini magharibi, Kendwa hiyo hiyo, pametulia. Masika yenyewe, mwisho wa Machi mpaka Mei, mvua inaweza kupiga siku nzima na hoteli nyingine zinafunga kabisa, lakini zilizobaki wazi zinashusha bei na ukibahatisha wiki yenye jua unakuta ufukwe mzima ni wako. Kama hela ni ya kubana, mimi ningeichukua hiyo bahati kuliko kubanana mwishoni mwa Disemba ambapo chumba kile kile kinauzwa mara mbili mara tatu.

Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo angalia imeangukia wapi. Mchana migahawa ya mtaani inafungwa, hotelini utakula kama kawaida ila usitafune chipsi barabarani, na jioni wakati wa futari mji unachangamka vizuri tu. Mwezi wowote ule, ukitoka ufukweni kuingia kijijini au mjini funika mabega na magoti, hiyo haina mjadala.

Mji Mkongwe hauhitaji maji, kwa hiyo usiupe siku zako nzuri za bahari. Uweke mwanzo au mwisho kufuatana na maji yalivyo. Na hapa kuna ujanja mmoja, ile asubuhi ya bamvua ambayo Paje ni jangwa, ndo asubuhi nzuri ya Nakupenda, lile fungu la mchanga nje ya mji, maana linaibuka maji yakitoka na yakijaa linamezwa. Unaondoka na boti saa mbili, unapita kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, unashuka Nakupenda mchanga bado uko nje, mnakula samaki wa kuchoma, mnarudi kabla maji hayajapanda. Wakikuambia boti inaondoka saa saba siku ya bamvua waulize vizuri tunaenda kusimama wapi.

Ule mgahawa wa juu ya jiwe pale Pingwe nao ni hivo hivo, maji yakikupwa unaenda kwa mguu, yakijaa unapelekwa na mtumbwi. Kama unaenda kwa ajili ya picha, na wengi ndo wanachoendea tuseme ukweli, weka nafasi saa ya maji kujaa.

Tufanye mfano. Una siku sita, mwezi mpevu unaangukia Alhamisi, na wewe unaingia Jumatano. Siku mbili za kwanza kaa mjini, Alhamisi asubuhi Nakupenda, jioni Forodhani kwenye vyakula vya usiku, ila urojo kaule vichochoroni mchana, pale Forodhani unalipia na taa. Ijumaa hama kwenda pwani. Ukitaka kelele, Kendwa huwa na pati ya mwezi mpevu, ukitaka kulala basi wikiendi hiyo kaa mbali nako. Mpaka Jumatatu maji ya kujaa yameshasogea kwenye saa moja jioni, kwa hiyo kuoga kwako mashariki ni alasiri mpaka magharibi, asubuhi nenda msitu wa Jozani kaone kima punju. Pomboo wa Kizimkazi mimi siwapangii mtu, boti kumi zinamkimbiza mnyama mmoja, hapana.

Chumba sasa. Ongea na hoteli wenyewe kwa WhatsApp, sema wewe ni Mtanzania au mkaazi, ulizia bei ya mkaazi maana mara nyingi ipo na kwenye tovuti haionekani. Waulize maji yakikupwa yanaenda mpaka wapi na kama tozo za kila usiku zimo kwenye bei. Anayejibu "bahari ipo muda wote dada" bila hata kuuliza unakuja lini, huyo mwache.

Boti za haraka kutoka Dar zinachukua kama masaa mawili. Tiketi kata mtandaoni au dirishani kwenye ofisi yao, wale wanaokupokea nje ya geti na mabegi yako wape salamu tu. Mtanzania beba kitambulisho cha NIDA, hata ndani ya nchi moja utaulizwa. Mgeni asiye Mtanzania, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya kuingia Zanzibar, aikate mtandaoni kabla. Ukifika Unguja, kama mzigo ni begi moja panda daladala, 116 inaenda Nungwi, inachelewa na inajaa lakini ukilinganisha na teksi utacheka mwenyewe.

Wakati wa kusi, safari ya kurudi Dar ndo ngumu kuliko ya kwenda kwa sababu boti inapigana na mawimbi usoni. Chukua ya asubuhi, kaa chini sehemu ya nyuma au katikati, kunywa dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla, na usijaze tumbo biriani bandarini.