Boksa ya zamani, watu wawili, safari ndefu

Wale wa pikipiki aina ya boksa ya zamani mnaotaka kutoka Dar mpaka Iringa na mama watoto nyuma, kabla hujawaza mabegi anza na shokapu za nyuma, ile pete ya kwenye springi izungushe hatua mbili ikaze, maana mkikaa wawili bila hivyo mkia unashuka, taa inamulika miti na cheni inabadilika ukazo. Cheni yenyewe ipime abiria akiwa amekaa, sio pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Vitu vizito, spana, tyubu ya akiba, maji, weka juu ya tangi, keria iachie nguo tu. Mi safari ya kwanza nilifunga dumu la mafuta ya kula kule mkiani kabisa, kufika Mikumi usukani unacheza kama baiskeli ya mtoto, mwenzangu akanifinya ubavu mpaka nikasimama. Breki shuu badili kabla hujatoka, wakati wa kurudi ukishuka mlima wa Kitonga tembea na gia ya pili au ya tatu, usilalie breki zikapata moto. Siti nayo ongeza sponji upande wa mama watoto, wako vumilia tu.