Somo: Mchicha unaowaka wekundu, na hadubini zinazoona kwa mwanga huo

Assalaam aleikum wanachama. Shule yetu hapa Pemba haina hadubini ya fluoresensi (yaani kitu kumeza mwanga wa rangi moja na kurudisha wa rangi nyingine), lakini jambo lenyewe naliona kila mwaka darasani kwa mchicha na ile tochi ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti.

Hatua ya 1. Chukua konzi moja ya majani, yafute maji yakauke kabisa. Yatwange na mchanga safi kidogo, kisha tia spiriti kikombe kimoja cha kahawa. Usitumie kinu cha jikoni, spiriti ya kuchomea ina sumu. Moto uwe mbali.

Hatua ya 2. Chuja kwa kitambaa, utie kwenye gilasi.

Hatua ya 3. Ingia chumba cha giza, piga tochi kwa ubavuni, usimmulike mtu machoni. Maji ya kijani yatawaka mekundu kama kaa la moto. Wanafunzi wangu huinuka vitini.

Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inameza mwanga wa zambarau wenye nguvu nyingi, sehemu inapotea kwa joto, na inayobaki inarudi kama mwanga mwekundu wenye nguvu ndogo. George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852.

Lakini mbona jani bichi haliwaki hivyo? Jani lililo hai hupeleka sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwenye kutengeneza chakula, na kinachorudi kama mwanga ni asilimia 1 au 2 tu. Ukilitwanga, mtambo umevunjika na nguvu haina pa kwenda. Kwa hesabu hiyo watafiti wa bahari hupima afya ya matumbawe: mwani mdogo sana unaoishi ndani yake ukidhoofishwa na joto la maji, mwanga unaorudi hubadilika, na huweza kujulikana kabla tumbawe halijawa jeupe, bila kukatwa hata kipande. Kwetu tunaokula samaki wa miamba, hili si jambo dogo.

Hatua ya 4. Ukitaka picha, funika kamera ya simu kwa nailoni ya rangi ya chungwa ya kufungia zawadi. Inazuia zambarau ya tochi na kupitisha wekundu. Kichujio cha hadubini hufanya kazi hiyo hiyo, ila pale seli hutiwa rangi, kama DAPI inayoshika DNA na kuwaka buluu. Au hupewa protini ya kijani ya konyeza, aliyoipata Osamu Shimomura mwaka 1962. Yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walitunukiwa Nobel mwaka 2008.

MASWALI

Mkulima wa mwani, Jambiani: Maalim, na kotoni yetu inawaka?
Jibu: Ndiyo, bibi. Kotoni ni katika jamii ya mwani mwekundu, hata ikiwa na rangi ya kijani. Jamii hiyo ina fikoeritrini, inayowaka rangi ya chungwa. Maabara huitumia kutia alama chembe za damu, kama katika kuhesabu CD4, zile chembe nyeupe za kinga.

Mwanachama, Wete: Manjano, kile kiungo cha mchuzi, je?
Jibu: Hatua zile zile. Itawaka njano ya kijani.

Mwanafunzi, Unguja: Nimepata kijani tu, wekundu sikuuona.
Jibu: Mwanangu, pengine maji yako ni mazito, yanaumeza tena wekundu wao wenyewe. Ongeza spiriti. Na usiyaache juani, rangi hufa. Wenye hadubini nao hulia na hilo: wakimulika seli muda mrefu, rangi inafifia kabla hawajamaliza kupiga picha.