"Please" ni ya kuomba, si ya kutolea

Nilipoanza kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huku Nungwi, kila nikimpa mgeni ufunguo nasema "Please." Nikitua kahawa mezani, "Please." Mgeni anabaki kanikodolea macho, anangoja niseme ninachotaka. Tatizo nilijifunza kwa Wataliano. Wao wakikupa kitu husema "prego", Wajerumani "bitte", nami nikadhani Waingereza nao ni hivyo hivyo. Wapi! Ukitoa kitu sema "Here you are", basi.

Hata tafadhali yetu ilihama njiani. Mgeni wa Oman akikunyooshea kikombe cha kahawa atakwambia "tafadhal", yaani karibu, chukua. Sisi tulipolichukua kwa Waarabu tukaligeuza la kuombea.

Sasa kuomba. Ukisema "naomba pasi yako", adabu imeshatimia humo humo kwenye naomba, na tafadhali ni nyongeza tu. Ndiyo maana tukihamia Kiingereza tunaisahau. Bibi mmoja wa Kiingereza nilimwambia "Give me your passport", kwa sauti ya upole kabisa, akaisukuma pasi kwa ncha za vidole bila kunitazama. Sema "Could I have your passport, please?" Liweke mwisho. "Please give me your passport" si kosa, ila lina harufu ya amri, kama kile kibao cha mlangoni, "Please remove your shoes."

Kulitanguliza kunapendeza ukimkaribisha mtu afanye jambo: "Please, sit down." Hapo ndipo linapoikaribia karibu yetu, lakini lazima kitenzi kifuate. Na ukisikia "Oh, please!" imevutwa kwa puani, hakuna ombi hapo; ni "hebu niondokee".

Chai ndiyo yenye mtego. Ukimuuliza mgeni "Tea?" akajibu "Please" au "Yes, please", mimina. Akiwa hataki atasema "No, thank you", na ile "No" haiachi. Kwetu mtu akikukaribisha chai ukajibu "ahsante" huku umeweka mkono kifuani, umeshakataa na kila mtu kaelewa. Kwa Mwingereza, "Thank you" peke yake ni ndiyo. Mimi niliijibu hivyo siku moja ya Ramadhani, saa nane mchana, kikaja kikombe na biskuti mbili.