Skrini ya bluu: mtafute draiva mkorofi kabla hujapiga Windows upya

Laptop ikianza kuleta skrini ya bluu, ile inayotokea Windows ikianguka ghafla, watu wengi wanakimbilia kwa fundi kupiga Windows upya, fundi naye hana neno, anapiga, unalipa, unarudi nyumbani mashine inakaa poa siku kadhaa halafu hiyo hapo tena. Mara nyingi inarudi kwa sababu Windows mpya ikishaonja intaneti inajivutia yenyewe draiva ileile (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa kama wifi au grafiksi) iliyokuwa inaleta balaa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela jua kwanza nani anaiangusha mashine, na habari njema ni kwamba mara nyingi Windows yenyewe inakuandikia jina lake, ni wewe tu hujaenda kulisoma.

Kwa nini draiva moja tu ya wifi iangushe kompyuta nzima? Chrome ikigoma inafunga peke yake unaifungua tena maisha yanaendelea, ila draiva nyingi zinafanya kazi ndani kabisa kwenye kerneli, yaani kiini cha Windows, hapo hakuna wa kuzitenga, draiva ikigusa sehemu ya memori isiyoihusu Windows inaamua bora izime kila kitu kuliko kuharibu data zako. Ndicho kilichotokea tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walituma faili bovu, draiva yao ya csagent.sys ikalisoma ikachanganyikiwa, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta kama milioni 8.5 zikalala, viwanja vya ndege, mabenki, mahospitali. Na dawa yake haikuwa kupiga Windows, ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows inayowaka na draiva za lazima tu) na kufuta faili moja linaloanza na C-00000291. Kazi ya dakika chache kwa mashine moja, shida ilikuwa kuzifikia zote kwa mkono.

Haya tuanze. Kwanza izuie kompyuta isijiwashe tena haraka kabla hujasoma. Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, chini kabisa kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki kwenye Automatically restart, na hapo hapo chini chagua Small memory dump. Sasa ikianguka itabaki imesimama usome, piga picha kwa simu. Unachokitaka ni vitu viwili, ile kodi ya kosa (error code) ya herufi kubwa na kama kuna mstari wa What failed wenye jina linaloishia na .sys. (Usishangae kama yako ni nyeusi badala ya bluu, Windows 11 za kuanzia 2025 wamebadilisha rangi, ugonjwa ni uleule.)

Kodi zinazonukia draiva ni kama DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, hii wifi na kadi za netiweki wanaipenda sana, VIDEO_TDR_FAILURE ni ya grafiksi, maana yake kadi imekaa kimya Windows ikajaribu kuiamsha ikashindwa, DRIVER_POWER_STATE_FAILURE inakuja zaidi ukiilaza laptop au kuiamsha, na DPC_WATCHDOG_VIOLATION mara nyingi inahusu diski na draiva zake. Ukiona WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR hapo geuza macho kwenye vifaa vyenyewe, prosesa, joto, umeme. MEMORY_MANAGEMENT nayo anza kushuku RAM, bonyeza tena Windows na R, andika mdsched.exe uiache ipime.

Kama hukuwahi kuisoma skrini usijali, kila ikianguka inaacha faili kwenye C:\Windows\Minidump. Dauniloadi kaprogramu kanaitwa BlueScreenView cha NirSoft, ni kadogo hakali bando, fungua, juu utaona orodha ya siku ilizoanguka na chini mafaili yaliyohusika yamewekwa rangi. Sasa hapa watu wengi ndipo wanapopotea, wanaona ntoskrnl.exe wanasema Windows imekufa. Hapana mkuu, hiyo ndiyo kerneli yenyewe, inatokea karibu kila ajali kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba, mwizi mara nyingi ni yule mwingine aliyetajwa pembeni yake. Ukiona nvlddmkm.sys hiyo ni NVIDIA, amdkmdag.sys ni AMD, igdkmd64.sys ni grafiksi ya Intel, Netwtw na namba mbele yake ni wifi ya Intel, rt640x64.sys ni Realtek ya waya wa netiweki, RTKVHD64.sys ni sauti. Jina usilolijua nenda C:\Windows\System32\drivers, lipige klik ya kulia, Properties, Details, utaona la kampuni gani.

Kinachonisaidia mimi kuliko yote ni kuangalia kama jina linajirudia. Ajali zote zinataja faili lilelile (mbali na ntoskrnl.exe), huyo ndiye mwizi, malizana naye. Lakini kila ajali ina kodi yake na faili lake, leo sauti kesho diski keshokutwa grafiksi, acha kuhangaika na draiva, hiyo inaelekea kuwa RAM, ichomoe uisafishe, kama ziko mbili jaribu moja moja.

Tuseme umemkamata Netwtw08.sys, laptop inaanguka kila ukiunganisha wifi na imeanza juzi baada ya apdeti. Bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua Network adapters, piga klik mbili kwenye wifi, tabu ya Driver, bonyeza Roll Back Driver irudi ile ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia hakibonyezeki maana yake hakuna ya zamani iliyohifadhiwa, basi chagua Uninstall device na uweke tiki ya kufuta na draiva yenyewe, bila ile tiki ukiwasha tu inarudi ileile. Ila kabla hujafuta hakikisha draiva nyingine umeshaidauniloadi iko kwenye fleshi, usije ukabaki huna wifi na huna pa kuipata. Ukikwama, chomeka simu kwa waya wa USB washa USB tethering, Windows inaitambua kama netiweki ya kawaida.

Draiva ichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptop, HP, Dell, Lenovo, ingiza serial namba iliyoko kwenye stika chini, kwa Dell inaitwa Service Tag. Hizi laptop za mtumba tunazonunua, EliteBook na Latitude na ThinkPad, mara nyingi zina draiva zake kule hata kama ni za zamani. Zile programu zinazokwambia una draiva 27 zimepitwa na wakati bonyeza hapa, achana nazo, zinabandika draiva ya kubahatisha na wewe ulikuwa na shida moja sasa unazo nne. Na kama kifaa kinafanya kazi vizuri usiguse draiva yake eti kwa sababu kuna mpya.

Ukimaliza nenda Windows Update usimamishe apdeti kwa muda, isije ikaivuta tena ile mbovu usiku huo huo.

Je kama haiwaki kabisa, inaanguka kabla hujafika hata pa kuweka paswedi? Iwashe, ikianza tu kuonyesha vile vidoti vya kuzunguka izime kwa kushikilia kitufe cha pawa, rudia mara mbili tatu itakuletea yenyewe ukurasa wa marekebisho. Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4, au 5 ukitaka na intaneti. Huko Safe Mode Windows inabeba draiva za lazima tu, kwa hiyo unaweza kumtoa mkorofi kwa raha. Inaweza ikakudai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data za diski) wenye tarakimu 48, angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, huwa umehifadhiwa pale. Kwa grafiksi humo humo tumia DDU (programu ya Display Driver Uninstaller), inakwangua mabaki yote ya draiva ya zamani.

Kuna na chombo kinaitwa verifier, kinazibana draiva makusudi ili mbovu ijiumbue. Kinafanya kazi kweli, ila kitumie ukiwa umekosa jina kabisa, weka restore point kwanza (alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa), chagua draiva zisizo za Microsoft tu, na ujue kompyuta inaweza kuanza kuanguka kila ikiwaka. Ikifika hapo ingia Safe Mode, fungua CMD (Command Prompt) kama administrator, andika verifier /reset, iwashe upya.

Ikiwa hata ndani ya Safe Mode inaanguka, hapo nenda kwa fundi, ila kopi ile folda ya Minidump kwenye fleshi uende nayo, na mwambie aanze kupima RAM na diski kabla hajagusa Windows.